Mlango wa Upande wa Barabara

Wenzangu, kisa hiki kilianza asubuhi tulivu, saa ile watu wanafagia mbele ya maduka na kusalimiana bila haraka. Mpishi mmoja wa keki, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Keki, alikuwa ameegesha kigari chake mbele ya duka la unga. Moyo wake ulikuwa mweupe. Keki ya ghorofa tatu ilikuwa imefika kwa mwenyewe bila hata ufa, na sasa alitaka unga tu arudi nyumbani. Akazima injini, akachukua mkoba, akausukuma mlango.

Paa!

Mlango ulitikisika mkononi mwake kama umepigwa teke. Alipochungulia, aliona baiskeli imelala barabarani, gurudumu la mbele bado linazunguka, na mwanamke ameanguka ubavu, ameushika mkono wake wa kulia.

"Umetokea wapi wewe?" Mama Keki alifoka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Si pole, si umeumia wapi.

"Nyuma yako," yule mwanamke alijibu kwa sauti ndogo.

Najua mnachotaka kuniuliza. Ndiyo, kengele alikuwa nayo, breki zake zilishika vizuri, na alivaa fulana ya njano ambayo ungeiona ukiwa mtaa wa pili. Kofia yake ngumu ilipasuka kutoka sikioni hadi utosini. Bila kofia hiyo, leo ningekuwa nawasimulia msiba.

Mama Keki alimkimbiza hospitali, kisha akarudi nyumbani na kueleza yaliyotokea. Mumewe, kinyozi, alimtuliza.

"Usijitese, mke wangu. Hawa watu wa baiskeli wanachomoka tu kama panya."

Kufikia jioni, kila aliyekalia kiti cha kinyozi alikuwa amekisikia kisa hivyo hivyo. Waliondoka na nywele fupi na lawama ndefu.

Lakini neno moja lilimkaa Mama Keki kichwani: nyuma yako. Alikuwa mtu asiyeweza kuliacha swali. Keki ikiporomoka, angeioka tena mara tatu ili ajue kosa liko wapi. Sasa alijiuliza: kama alikuwa nyuma yangu, mbona sikumwona? Na mimi niliangalia. Hapo akasita. Niliangalia kweli?

Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa, aliazima baiskeli kwa jirani na kumburuta mumewe hadi mahali pale pale.

"Nenda mpaka kwenye kona, halafu uje mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Mimi nitakaa kwenye gari."

"Watu watasema nimechanganyikiwa."

"Watasema tumechanganyikiwa wote wawili. Nenda."

Mama Keki alikaa, akakazia macho kioo cha pembeni. Mumewe akatokea kwenye kona, tumbo mbele, magoti nje. Mama Keki akaanza kuhesabu sekunde. Moja, mbili, tatu... Alikuwa amefika kumi na moja mumewe alipoupita mlango. Akamrudisha. Mara ya pili zikawa kumi. Mara ya tatu, kumi na moja tena.

"Unajua nini?" kinyozi alisema akihema, jasho likimtiririka. "Kila nikilipita gari lililoegeshwa, roho inaniruka. Sijui kama ndani kuna mtu. Nikienda katikati, wananipigia honi. Sasa mtu apite wapi?"

Mama Keki aliendelea kukitazama kioo. Alikuwa bado ameshika usukani.

"Baba watoto, sikuangalia," alisema. "Sikuangalia kabisa. Nilikuwa nawaza unga."

Kesho yake alikwenda kwa yule mwanamke. Akakuta ni fundi saa, anayefanyia kazi sebuleni kwake. Mezani kulikuwa na kibano, lenzi, na saa kumi na tano za watu, zote zimesimama. Mkono wa fundi ulikuwa ndani ya plasta hadi kwenye kiwiko. Binti yake mdogo alipita na daftari, kichwa kimenyolewa.

"Nywele nilikuwa namsuka mwenyewe," fundi alisema alipoona mgeni anamtazama mtoto. "Kwa mkono mmoja nimeshindwa."

Mama Keki alimgeukia fundi. "Dada, nimekuja kusema ukweli. Ulikuwa kwenye kioo changu kwa sekunde kumi na moja. Mimi ndiye sikuangalia."

"Umejuaje kama ni kumi na moja?"

Akaeleza yote. Aliposikia habari za kinyozi juu ya baiskeli, fundi alicheka mpaka akaushika mkono kwa maumivu. Kisha kicheko kikakatika, machozi yakamtoka.

"Watu wanasema nilikuwa mbio. Hata mama mkwe alisema hivyo. Mwisho nami nikaanza kuamini."

"Nitamwambia kila mtu ilivyokuwa."

"Anza na kinyozi," fundi alisema.

Mama Keki aligharamia matibabu yote. Kinyozi naye alilazimika kuyameza maneno yake, kichwa kimoja baada ya kingine, mkasi mkononi, huku wateja wakimcheka. Na kwa kuwa maswali ya Mama Keki hayakuisha, siku moja fundi alimkalisha kwenye kigoda.

"Jifanye uko kwenye gari. Mlango usifungue kwa mkono ulio karibu nao. Tumia ule wa mbali."

Mama Keki akajaribu. Mkono ulipovuka kifua, bega liligeuka, shingo ikafuata, na macho yake yakajikuta yanatazama nyuma.

"Kumbe!" alisema. Akarudia mara nane, kama mtoto aliyepata mchezo mpya.

Plasta ilitolewa. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini vidole viwili vilibaki vigumu. Asubuhi moja, Mama Keki akiwa hapo kumjulia hali, mteja alileta saa ndogo ya mkononi. Fundi alichukua kibano, akashika skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Mara ya tatu iliruka chini ya meza. Fundi akakiweka kibano mezani, taratibu.

"Hii mpelekee fundi mwingine," alimwambia mteja. "Mimi siku hizi natengeneza za ukutani tu."

Mama Keki alitaka kusema samahani, lakini alikwisha kuisema mara nyingi. Akapiga magoti, akaanza kupapasa sakafu akiitafuta ile skrubu. Hakuinuka mpaka alipoipata.

FUNZO

Ndugu zangu wenye magari, mlango wako ukifunguka barabarani unaweza kumvunja mtu mfupa. Tazama kioo kwanza, kisha fungua kwa mkono wa mbali. Nanyi wa baiskeli, yaachieni magari yaliyoegeshwa nafasi ya mlango mzima, na anayewapigia honi asubiri. Kofia msiiache nyumbani. Na yeyote aliyekosea aseme mapema kwamba amekosea, kabla yule aliyeumia hajaanza kujilaumu.