Sanduku la Kumi na Saba

Kufuli la ghala halikuvunjwa. Rafu zilijaa masanduku ya mwamba uliochimbwa ardhini, mia mbili na zaidi, na lililokosekana lilikuwa moja tu: la kumi na saba, lenye mwamba wa kina cha mita elfu moja.

Inspekta Selina Machibya alijifuta jasho. Miguu ilikuwa imemvimba tangu asubuhi. Funguo za ghala zilikuwa mbili: mmoja wa Dakta Cleophace Mutalemwa, mjiolojia wa mafuta aliyeongoza kituo hicho cha utafiti wa nishati, mwingine wa msaidizi wake, Odeta. Mutalemwa ndiye aliyeripoti wizi, na ndiye aliyemtaja Odeta. Binti yule alikuwa mahabusu siku ya pili.

"Uliona nini?" Selina alimuuliza mlinzi, Obedi.

"Sikumwona mwizi, afande."

"Nani alitoka na sanduku?"

"Ah, sanduku? Dakta mwenyewe. Jumamosi mchana. Nilimsaidia kulipakia kwenye gari, akaelekea kivukoni."

"Mbona hukusema?"

"Waliniuliza habari za mwizi, afande."

Selina alishusha pumzi, akaenda kivukoni. Mkata tiketi alimkumbuka mzee mwenye miwani. Mzee huyo alivuka hadi Kamanga, ng'ambo ya ziwa, akarudi na kivuko kilekile, na njia nzima alikuwa akitupa mawe ziwani, moja moja.

"Nikamuuliza, mzee, vipi? Akasema anapunguza mzigo."

Alasiri Mutalemwa aliketi mbele ya Selina, tai imenyooka. Hakubisha.

"Kwa nini, Dakta?"

"Miaka ishirini na sita nimetafuta mafuta katika nchi hii. Mke wangu alizikwa nikiwa kambini. Kila aliyeniuliza nilimwambia yapo. Kisima kilichotoa mwamba ule kilikuwa cha mwisho. Mwezi ujao nastaafu."

"Na mwamba ulisemaje?"

"Mkavu. Hata harufu hakuna." Alivua miwani. "Odeta alipima vipande vichache tu. Bila sanduku, hakuna wa kurudia kipimo. Watu wangesema, labda Mutalemwa alikuwa sahihi. Hiyo labda ilinitosha."

"Lakini majibu ya Odeta yapo."

"Nani angeamini majibu ya mwizi?"

Selina aliandika, kisha akainua kichwa.

"Odeta ana mtoto anayenyonya. Ulijua?"

"Nilijua."

Selina akamsogezea karatasi ya maelezo. Mzee akatia saini.

Odeta alitoka mahabusu viatu mkononi, kifua cha blauzi kimelowa maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nenda nyumbani, mwanangu. Dakta amekiri."

Odeta akaketi kwenye benchi.

"Yale majibu nilimpelekea yeye kwanza," alisema. "Sikutaka ayasikie kikaoni, mbele za watu. Kazi yote amenifundisha yeye, mama."

Selina alimpa simu yake ili apige nyumbani waje na mtoto, kisha akaketi kando yake, wakasubiri.