Mbu wa Jemadari

Kila asubuhi, baada ya uji mwepesi ambao mtu angeweza kujitazama uso ndani yake, Kiranja alipita kitanda hadi kitanda katika bweni la kambi ya adui akiwavisha mateka wa vita kofia. Kiranja alikuwa roboti mrefu mwenye magurudumu, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu wa zamu aliyeamka vibaya. Kofia zenyewe ziliitwa kofia-pima. Ndani yake mlikuwa na nyuzi laini zilizogusa ngozi ya kichwa na kusoma hofu, chuki na furaha, kama kipimajoto kinavyosoma homa.

Mateka alitakiwa kutamka, "Nampenda Jemadari Mkuu." Kofia ikiwaka nyekundu, alikosa chakula cha mchana. Ikiwaka kijani, alipewa nyama. Katika bweni lile, nyama ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu.

Koplo Lwitiko alikuwa ametekwa pamoja na Sengondo, rafiki yake tangu shule ya bweni. Huko walisimamishwa masomo kwa kosa zito la kumvalisha mbuzi tai ya mkuu wa shule na kumpeleka paredi. Siku walipoitwa vitani, Lwitiko alimwambia mama yake Sengondo, "Nitamrudisha mzima, mama." Sasa Sengondo alikuwa amebaki macho na mifupa. Hakujua kudanganya. Kofia yake iliwaka nyekundu kabla hajafungua mdomo.

"Sema tu, kaka," Lwitiko alimsihi. "Maneno hayachubui."

"Siwezi. Yule mtu alichoma mji wetu."

"Basi usimpende. Mcheke."

Zamu yake ilipofika, Lwitiko alisimama wima, akatoa kifua mbele, akakohoa kama mgeni rasmi.

"Nampenda Jemadari Mkuu," alitangaza, "ambaye jua humpigia hodi kabla ya kuchomoza! Mbu wakitaka kumuuma, hupanga mstari, huvua viatu, na huomba radhi kwanza!"

Bweni zima likaangua kicheko. Sengondo alicheka hadi akashika mbavu, nazo siku hizo zilikuwa rahisi kushika.

"Mateka Sengondo," alisema Kiranja, "rudia."

"Nampenda... Jemadari... mbu wake... huvua viatu!"

Kofia ikawaka kijani.

Mchana ule Sengondo alikula nyama, machozi yakimtoka. Mateka walinong'onezana kwamba mtambo ule ni mjinga wa kutupwa, kwani haukuweza kutofautisha mapenzi na dhihaka. Tangu hapo kila asubuhi Lwitiko alileta sifa mpya. Jemadari alipiga chafya, mvua ikanyesha. Jemadari alikanyaga mwiba, mwiba ukaenda hospitali. Kofia ziliwaka kijani safu nzima, na Sengondo akaanza kunenepa mashavu.

Miezi ilipita. Vichekesho vilichakaa, lakini taa za kijani hazikufifia. Lwitiko alikuwa na shughuli nyingi za kushangilia ushindi wake, hivyo hakuligundua jambo hilo mpaka asubuhi moja alipomkonyeza rafiki yake na kusema, "Mbu, je?"

Sengondo hakucheka. Alifikiri kidogo.

"Lakini kweli, Lwitiko," alisema taratibu, "umewahi kumwona ameumwa na mbu?"

Siku ya kubadilishana mateka, walipelekwa kwenye daraja la mpakani. Zuhena, mhandisi wa kofia-pima, mama mpole mwenye koti jeupe, alimuuliza kila mmoja kama anarudi kwao au anabaki.

"Nabaki," alisema Sengondo.

"Acha utani!" Lwitiko alimshika mkono. "Mama anakungoja kule ng'ambo. Yule mtu alichoma mji wetu, umesahau?"

"Sijasahau." Sengondo aliutoa mkono wake polepole, bila hasira. "Ila nikimkumbuka yeye, moyo wangu unatulia. Nikikumbuka nyumbani, nasikia njaa. Nenda salama, kaka."

Lwitiko alimgeukia mhandisi. "Mmemfanya nini?"

"Sisi? Sisi tulishindwa," alijibu Zuhena. "Kofia haikuundwa kumnasa mwongo, mwanangu. Kazi yake ni kuifunga furaha kwenye jina, siku baada ya siku, hadi jina lenyewe liilete. Kitu pekee tulichokosa ni furaha. Hofu tulikuwa nayo tele, lakini nani angemfurahisha mateka? Ndipo ukatokea wewe na mbu wako." Alimpigapiga begani kama mzazi siku ya kutoa zawadi. "Siku hizi mbu wako wanafundisha katika kambi zetu zote."

Lwitiko alivuka daraja peke yake. Alijiambia kwamba yeye alikuwa akicheza tu. Yeye ndiye aliyetunga ule upuuzi. Mpishi hawezi kulishwa sumu yake mwenyewe.

Upande wa pili mama yake Sengondo alisimama mbele ya umati, amekumbatia shati la mwanawe lililopigwa pasi.

"Lwitiko, baba, mwenzako yuko wapi?"

Alitaka kumwambia yote. Alitaka kumlaani aliyewafanyia vile, amlaani kwa sauti hadi wasikie kule ng'ambo. Akafungua mdomo.

"Mama, Jemadari Mkuu..."

Joto tamu likampanda kifuani, likafika shingoni, likafika mashavuni. Alijitahidi kulimeza. Aliinua mkono afunike mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

Mama yule alimtazama usoni, akaona anatabasamu.