Kwa Nini Babu Aliitwa Masazo

Fundi cherehani alikuwa na ulimi mrefu kuliko uzi wake. Akikanyaga cherehani anasema, akikata kitambaa anasema. Na maneno yake yalikuwa yale yale: watu wa siku hizi ni laini kama pamba, watu wa zamani walikuwa chuma.

Kisha alinyoosha mkasi kuelekea maandishi ya juu ya mlango: USHONAJI MASAZO. Masazo alikuwa babu wa baba yake. Aliishi hadi akabaki na jino moja, wala hakuwahi kuchomwa sindano. Jina hilo, fundi alieleza, alilipata utotoni kwa kumalizia chakula cha ndugu zake. Wateja walicheka. Walicheka kila mara.

Juma moja surua iliingia mtaa wa pili. Mke wa fundi akataka kumpeleka binti yao zahanati. Mtoto alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa sindano ya kwanza ya surua. Fundi akakataa. Damu ya Masazo haihitaji sindano, alisema. Mkewe alipiga pasi suruali ya mteja kana kwamba anaizaba makofi.

Wakiwa hivyo, akaingia shangazi yake fundi kuchukua gauni lake. Mtaa mzima ulimwita Bi Moto. Ujanani alifua nguo katika nyumba za wakubwa, na hakuna mkubwa aliyemsahau. Mke wa fundi akammwagia yote. Bi Moto akaketi juu ya rundo la vitambaa.

"Mwanangu, Masazo aliishi sana. Na ndugu zake je?"

Fundi akaacha kukanyaga. "Ndugu gani, shangazi?"

"Hao aliowamalizia chakula. Umewahi kusikia jina la hata mmoja?"

Fundi alifikiri. Hakuwahi.

"Surua iliwachukua wote, msimu mmoja. Mama yao akaendelea kupakua sahani zao, mkono umeshazoea. Mtoto akala cha wenzake kwa sababu wenzake hawakuwepo. Masazo ni yeye mwenyewe. Ugonjwa ulikula, ukamsaza."

Bi Moto hakumaliza. Miaka mia iliyopita, alisema, nyumba nyingi zililia hivyo. Wewe unawajua waliobaki tu, ndiyo maana unaona zamani wote walikuwa chuma. Waliokufa wadogo hawana wa kuwasifu dukani. Sindano ya surua wakati ule haikuwepo popote duniani. Na ilipokuja, ilikaa kwanza mtaa wa wakubwa.

"Tuliwafulia nepi watoto wao waliochanjwa, tukarudi nyumbani kuuguza wetu. Mpaka siku tuliyoweka sabuni chini, wafuaji wote. Nguo zao chafu zikajaa hadi barazani. Ndipo zahanati ikajengwa hapa. Leo wewe unaipita kama vile ni ukuta?"

Fundi alivua futi ya kupimia shingoni. Akamuuliza mkewe kwa sauti ndogo kadi ya mtoto iko wapi. Mkewe alikuwa ameishika, na mtoto tayari yuko mgongoni.

Zahanati, muuguzi aliwaeleza vizuri. Sindano hiyo hufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Huenda mtoto akapata homa kidogo au vipele vichache, navyo huisha vyenyewe. Akizidiwa, arudishwe. Fundi akauliza kama sindano moja inatosha.

"Wewe fundi, mshono mmoja unauamini?" muuguzi alimuuliza. "Mlete tena akifika mwaka na nusu."

Mtoto alilia kidogo tu. Fundi ndiye aliyefumba macho na kusaga meno. Mkewe akamuuliza kama chuma kimeshika kutu.

Surua ilifika mtaani kwao. Watoto wa jirani waliugua, binti wa fundi hakuugua. Sindano ya pili baba mtu alimpeleka mwenyewe, tena alivuta jirani wawili njiani. Baadaye akazaliwa mtoto wa kiume, naye akachanjwa bila ubishi.

Siku moja Bi Moto aliwakuta wakila. Binti alisaza chakula, akakimbilia nje kucheza. Mdogo wake akavuta ile sahani, akaisafisha hadi ikang'aa. Mara dada akarudi, akaona sahani tupu, akaangua kilio. Fundi akainuka kumkanya yule mdogo.

"Mwache ale," Bi Moto alisema, huku akicheka hadi machozi. "Huyo ndiye Masazo tuliyemtaka. Mwenye sahani yupo hapa, anapiga kelele."