Mtumishi wa Karatasi

Ulikuwa mchakacho wa karatasi, usiku, watu wamelala, unapanda ngazi kutoka dukani chini, taratibu, kama mtu aliyevaa magazeti badala ya nguo. Nilidhani panya. Nikamvuta mwanangu Sin kifuani, nikanusa gundi na moshi, nikasema kesho nitamwambia mume wangu atege mtego. Mchakacho ukapita mlangoni kwetu, ukaenda kuishia chumbani kwa mama mkwe. Na huko, mwenzangu, nikamsikia mama mkwe akicheka kidogo peke yake, kile kicheko cha mtu aliyefika pazuri kitabuni.

Mama mkwe wangu anaitwa Kui-hiong. Ana duka la chai ya asubuhi chini ya nyumba yetu hapa mjini Tainan, maziwa ya soya, chapati za mayai, maandazi ya mvuke, na kabla jua halijatoka ameshasimama jikoni. Anapenda kusoma kuliko kula. Lakini atasoma saa ngapi? Akifungua kitabu tu, baba mkwe anaita, Kui-hiong, soksi zangu ziko wapi. Akijificha nacho chooni, mlango unagongwa. Riwaya yake nene ya mambo ya kasri la wafalme ilikuwa imevimba kwa mvuke, kurasa zimegandana kwa soya, na kila siku anaanza upya ukurasa uleule kwa sababu ameshasahau nani kamtilia nani sumu. Na juu ya hayo alikuwapo Bibi, mama yake baba mkwe, miaka yote kitandani, akigonga ukuta kwa fimbo. Siku moja mama mkwe aliniambia, anakata vitunguu, wala hakuinua macho, kwamba tangu aolewe hajamaliza kitabu hata kimoja.

Bibi akafa. Tukadhani atapumzika. Wapi! Wageni, uji wa wageni, makuhani, kukunja pesa za karatasi za kuchomea wafu mpaka vidole vikawa vyeusi. Na nyumba ya karatasi ililetwa, kaitengeneza Mama Kho wa duka la ng'ambo ya barabara, nzuri, ina gari, ina televisheni, ina kijakazi mwenye mashavu mekundu. Sasa kwetu kijakazi wa karatasi hachomwi hivihivi. Lazima mke wa mtoto mkubwa ampe jina, amnong'oneze sikioni, amwambie bosi wake ni nani na kazi yake ni ipi, ndipo awashwe moto amfuate marehemu. Asipoelekezwa, hajui aende wapi.

Mke wa mtoto mkubwa ni Kui-hiong. Mimi nilisimama naye bega kwa bega, Sin mgongoni. Alikuwa hajalala, macho mekundu kama nyanya. Akainama kwenye lile sikio la karatasi, akampa jina, jina zuri tu la msichana, halafu akasema, "Usimfuate Bibi. Bibi kanitumikisha vya kutosha. Bosi wako ni mimi, na nikifungua kitabu, mtu asinisumbue."

Akanikonyeza. Moto ukawashwa, na mashavu mekundu yakawa ya mwisho kuungua.

Basi baada ya ule usiku wa mchakacho, nyumba ikaanza kunyamaza. Baba mkwe alisimama kwenye ngazi akafungua mdomo aite, midomo ikasema Kui-hiong, shingo ikavimba mishipa, sauti haikutoka. Mbwa wa jirani akabweka bila kubweka. Simu ikatetemeka mezani kama samaki. Mama mkwe alikuwa juu, kajilaza, kitabu wazi. Alipokifunga, sauti zote zikarudi, na baba mkwe akaenda kwa daktari, akamulikwa koo, akaambiwa hana kitu, apunguze sigara.

Na mama mkwe, sitasema uongo, alinawiri. Uso ulipata rangi. Alinisimulia habari za malkia wa kitabuni kama anasimulia majirani, na mimi nikafurahi, maana nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Lakini baadaye akawa hakifungi. Analala nacho wazi kifuani, anaamka nacho. Duka likawa langu, na wateja wakawa wananionyesha kwa vidole wanachotaka, na chapati zinaungua kikaangoni bila kulia tssss, na ile harufu ya gundi iko kila mahali, hata kwenye maziwa, na baba mkwe sauti yake ikawa hairudi kabisa, anaandika kwenye kiganja, anatuonyesha, Mimi nimekosa nini?

Siku yenyewe ilikuwa mchana kweupe. Nilikuwa naanika nguo barazani ghorofani, Sin nimemwacha kalala, na nilikuwa nasikiliza kama mama yeyote anavyosikiliza huku mikono inafanya kazi, sikusikia kitu, nikaendelea kuanika, nikakung'uta shuka, nikaibana, nikaingia ndani bila haraka, nikamkuta mwanangu sakafuni, ameanguka kitandani, damu kwenye nyusi, uso umekuwa wa zambarau, mdomo umeachama mpaka naona koo, analia, analia kwa nguvu zake zote, na hakuna sauti, hakuna, kama ninamtazama kupitia kioo, na sijui alikuwa amelia hivyo tangu saa ngapi.

Nikambeba mbio mpaka kwa mama mkwe. Nikapiga kelele, na yangu nayo haikutoka. Nikamwekea mtoto pale pale juu ya kitanda, damu ikadondokea shuka. Alimtazama. Alimwona, nakwambia, alimwona vizuri, machozi yakamtoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, na katika nyumba nzima sauti ilikuwa yake peke yake:

"Zimebaki sura tatu, Ting. Sura tatu tu, mwanangu."

Ndipo nilipoona si yeye anayefunua kurasa. Mkono mwembamba ulitoka nyuma ya pazia, mweupe, kingo zake nyeusi za kuungua, ukashika ncha ya ukurasa ukaugeuza kwa adabu, na jua la dirishani lilipita ndani ya mwili wake kama linavyopita kwenye taa ya karatasi, na juu kabisa, pale pa uso, palikuwa na mashavu mawili mekundu yakinielekea, na kidole kikainuka polepole mahali ambapo pangekuwa midomo, kuniambia nyamaza.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nimevuka barabara na sauti yangu ikanirudia katikati ya pikipiki, lakini ya Sin haikurudi. Mama Kho alikuwa anabandika paa la nyumba ya karatasi, sigara mdomoni. Nilimweleza huku nahema. Alimtazama mtoto, akazima sigara.

"Mnaiba mpaka kijakazi wa maiti," akasema. "Aliyempa jina atakubali kuja kumwondoa?"

Nikasema hakubali, anasoma.

"Na hilo jina unalo?"

Nilikuwa nalo. Mama Kho alichukua fito za mianzi, akafunga mwili mpya, mikono inakwenda kama ya mwenye kuchinja kuku, akabandika, akapaka mashavu, akaniambia pale ndani hamna mtu mpaka aitwe, kwa hiyo nimwite vizuri na nisisahau kumtajia bosi. Tukampeleka kwenye pipa la chuma mbele ya duka letu. Nikainama sikioni, lilikuwa bado bichi kwa gundi. Nikamwita kwa jina lake. Nikamwambia bosi wako ni Bibi wa ukoo wa Lim, amekungoja siku nyingi, anataka uji, nenda. Mama Kho akawasha. Karatasi ikajikunja, shingo ikageuka yenyewe kutazama dirisha la juu, ikabaki imetazama hivyo hivyo mpaka ikaisha.

Juu, kitabu kilijifunga paa! Na Sin akalia. Ee, alilia, barabara nzima ikageuka. Mbwa naye, na simu, na kutoka kwenye ngazi baba mkwe akaita Kui-hiong, Kui-hiong, Kui-hiong, kana kwamba miito yote ya siku zile ilikuwa imepanga foleni kooni mwake.

Mama mkwe akashuka. Akamwosha Sin nyusi, akambusu, akafunga aproni, akaanza kuvunja mayai.

Juzi tu, wateja wamejaa, muuza unga anapiga honi, baba mkwe anauliza miwani yake, mama mkwe aliniinamia karibu na kikaango. "Ting, lile jina nililompa yule silikumbuki. Wewe ulikuwa karibu."

Nikasema sikusikia, Mama. Nenda kasome, nitashika jiko. Akapanda. Hata kiti hakijapata joto, akaitwa, akashuka, kitabu kikiwa kwapani. Hakunitazama. Nilimwonea huruma.

Na tangu wiki ile ya pipa Sin anaota meno. Analia kutoka magharibi hadi alfajiri, silali, kichwa kinavuma, mume wangu ananiuliza midomo yangu inacheza nini gizani. Ni lile jina. Linakuja lenyewe kila Sin akilia, linasimama nyuma ya meno. Nauma ulimi. Nililitamka mara moja, kwenye sikio la karatasi, na nimeapa, sitalitaja kwa mtu mwingine yeyote. Nawe usiniulize.