Tovuti ya Kaunsili na Stempu ya Zambarau

Miaka hiyo Kitengela ilikuwa bado na nafasi. Ulikuwa unaamka asubuhi unakuta nyumbu wamepita nyuma ya ploti, wameacha mavi yao na kwenda zao. Na kijana mmoja, Mbaluka, alikuwa na saiba yake ya kukodisha mtandao karibu na steji ya matatu, kompyuta nne zenye nundu kama ngamia. Mtandao ulikuja na laini ya simu, na kabla ya kuingia ulilia kwanza kama paka amekanyagwa. Watu walingoja wakipiga stori. Hakuna mtu alikuwa na haraka.

Mbaluka alijifunza kompyuta kwa kuharibu za watu. Alipozijua, kaunsili ikampa kazi ya kutengeneza tovuti yake. Akaipamba kabisa. Maandishi mekundu yakikimbia juu ya rangi ya kijani, na bendera ikipepea. Matangazo yote aliweka kama picha ya karatasi, kwa sababu karani wa kaunsili huko Kajiado, Bwana Sironka, alimwambia wazi:

"Kijana, karatasi bila stempu ni umbea. Stempu lazima ionekane."

Basi Mbaluka akawa anapiga picha karatasi na kuiweka. Kusoma hakusoma. Mradi stempu imekaa vizuri.

Mama yake mdogo, Nzilani, alipoteza macho akiwa mtoto, kwa surua. Alikuwa anafuma sweta za shule na mashine, kwa baraza ya duka moja kando ya barabara ya Namanga. Mkono ukienda, mkono ukirudi, na utani hauishi. Lakini barabara ilikuwa inapanuliwa, na baraza ilikuwa inabomolewa. Kaunsili iliahidi vibanda vipya sokoni, na vingine vimewekewa watu wenye ulemavu. Nzilani akikosa kibanda, ingekuwa ni kurudi kijijini, mashine ikae chini ya kitanda.

Kila akiuliza majirani, walimwambia, "Tangazo bado, mama." Na wao pia walikuwa wanataka vibanda.

Alhamisi moja akaingia saiba na fimbo yake na CD.

"Mbaluka, weka hii. Ni programu ya kusoma skrini. Tulifunzwa nayo chuo cha wasioona. Leo nataka kujisomea mwenyewe."

Akavaa spika za masikio. Hakugusa mausi, alitumia kibodi tu. Vidole vikikimbia kama kwa uzi. Halafu akasimama.

"Hii kitu yako imenyamaza."

"Aunty, haiwezi. Iko na matangazo mengi."

"Sikiza basi."

Mbaluka akavaa. Sauti ya puani, kama ya mzungu mgeni, ikasema: "Picha. Picha. Picha."

"Hiyo mashine inasoma herufi," Nzilani akamwambia. "Wewe umeipiga picha karatasi. Kwake hiyo ni ukuta. Kuna nini nyuma ya ukuta?"

Mbaluka akasoma tangazo kwa mara ya kwanza.

"Vibanda, aunty. Mwisho wa kuomba ni kesho."

"Mimi nimeshinda nikiuliza watu kwa barabara, na tangazo umeliweka wewe?" Nzilani akachukua fimbo yake. "Kesho tunaenda Kajiado. Na hiyo CD ubebe."

Ijumaa asubuhi walikuwa kwa ofisi ya Sironka.

"Takwenya," Sironka akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," Nzilani akajibu. "Bwana Sironka, nimekuja kuomba kibanda. Na nimekuja kukuonyesha ile website yako."

"Inapendeza, si ndiyo? Stempu zote ziko."

"Mbaluka, weka ile CD, halafu funika skrini na koti. Mpe spika."

Sironka akasikiza. Uso ukakunjamana. "Kwani hii inasema picha mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni. Hiyo ndiyo kaunsili ninayopata mimi."

"Lakini mama, karatasi iko kwa ubao hapo nje."

"Ubao siuoni. Kuna sheria ya watu wenye ulemavu, ya mwaka wa elfu mbili na tatu. Inasema mtu asinyimwe huduma ya watu wote kwa sababu ya ulemavu wake. Umeiona?"

"Iko kwa faili."

"Basi itoe kwa faili iende kazi."

Sironka akacheka, halafu akaacha kucheka. Akapokea maombi ya Nzilani. Tena akaongeza wiki mbili, kwa wote ambao hawakupata habari. Kisha akamgeukia Mbaluka. "Inatengenezwaje?"

Nzilani ndiye alijibu. Tangazo liandikwe kwa herufi za kawaida, si picha. Picha ikibaki, iandikiwe maneno ya kusema inaonyesha nini. Herufi nyeusi juu ya nyeupe, zisikimbie, mtu wa macho hafifu naye asome. Na kila kitu kifunguke kwa kibodi, kwa yule hawezi kushika mausi.

"Na stempu?" Sironka akauliza, karibu kwa huzuni.

"Iache. Lakini iandikiwe maneno pia."

Mbaluka akaandika kila kitu upya. Bendera ikaondolewa, na ukurasa ukaanza kufunguka mbio hata kwa ile laini ya kulia kama paka. Mwalimu Hiram, mzee wa miwani mizito, akaja saiba akasema, "Sasa naona nasoma, sikimbizani na maneno."

Majibu ya vibanda yalitoka siku ya mvua. Nzilani aliketi peke yake kwa kompyuta ya mwisho, kichwa kimeinama. Mbaluka akamwangalia tu. Mara Nzilani akainua mkono.

"Kibanda nimepata," akasema. Halafu akasikiza tena, na akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Nini, aunty?"

"Inaniambia: Picha ya stempu ya kaunsili. Ni ya duara. Rangi ya zambarau." Akajifuta macho. "Mbaluka, miaka yote watu wananiambia stempu, stempu. Kumbe ni zambarau!"

Saiba iliisha kitambo, na nyumbu hawapiti tena. Lakini sweta za kile kibanda zilivaliwa na watoto wengi wa Kitengela, na nyingi zilikuwa na mstari mmoja wa zambarau shingoni.