Jini Aliyekanushwa Vitabuni

Profesa alikuwa anajisifu mezani, kama kawaida yake, jinsi alivyomuumbua mwanazuoni mmoja wa kale, mkewe alipoweka kijiko chini na kusema, "Yule mwanazuoni hakuandika hivyo. Nilikuwa nimekaa karibu naye."

Profesa akacheka. Mkewe alikuwa fundi cherehani, hajawahi kufungua kitabu chake hata kimoja, na mwanazuoni huyo alikufa karne nane zilizopita.

Niseme ukweli, mtu huyu alikuwa na kichwa kikubwa. Alisoma maandishi ya watu wa dini wa zama za kati, walioandika juu ya majini kwa hofu na heshima, kisha akajijengea jina kwa kuwacheka. Kitabu chake cha kwanza kilidai majini ni woga wa watu wasio na taa. Kikampa cheo. Cha pili kilirudia yale yale kwa maneno magumu zaidi, kikampa ofisi yenye zulia.

Jioni ile nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Siku zilizofuata mkewe akaacha kushona, akaacha kula, na kila Profesa alipopita mlangoni alimsikia akisoma kwa sauti nzito ya kiume, bila kitabu, sura nzima za maandishi ambayo yeye mwenyewe alihangaika nayo ujana wake wote, tena akijaza na mistari iliyoliwa na mchwa, ambayo hakuna mtu aliye hai anayeijua, huku mifupa ya mabega ikimtokeza na midomo ikimpasuka.

"Shemeji, dada yangu anakufa," mdogo wa mkewe alimnong'oneza. "Tuite mganga."

"Mganga? Kwangu? Watu watasemaje?"

"Watasema umemzika."

Mganga alikuja mchana, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alikaa na mgonjwa, akatoka uso umesawijika.

"Jini huyu hataki damu wala ubani," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema umemkana miaka yote huku unakula kwa jina lake. Mwambie kwamba yupo, atatoka."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, baba. Ila atakusikia mara moja tu, hakuna ya pili."

Profesa akapiga magoti kando ya kitanda. Alimpenda mkewe, hilo simnyimi. Akaushika mkono wake, ulikuwa wa moto. Lakini maisha yake yote alijizoesha kutosema jambo bila kumtwika mtu mwingine dhamana yake, asije akachekwa na wenzake, na ulimi ukapita njia yake ile ile.

"Kwa mujibu wa wanazuoni wa kale," alisema, "inasemekana upo."

Mganga akafumba macho.

"Sema sawasawa!" shemeji alilia. "Sema sawasawa, mjinga we!"

"Upo! Nakuona, upo!"

Mkewe akageuza shingo taratibu, akamtazama kwa macho yasiyopepesa, na ile sauti nzito ikamtoka kinywani kwa utulivu.

"Na huyu, inasemekana alikuwa mkeo."

Kisha harufu ikaisha chumbani, na mkono ukaanza kupoa mkononi mwake.