Aoko, Usilegeze

Kila Jumanne jioni Amito alianua nguo, akakata kucha, akaosha miguu kwa sabuni mpaka katikati ya vidole, kisha akafuata njia ya kando ya reli mtaani Namuwongo hadi ukumbi wa mazoezi. Mwalimu wao, Afande Kidega, alikuwa polisi. Mtu hakukanyaga mkeka kabla Afande hajamkagua kucha.

Walijifunza jujitsu ya Kibrazili, mieleka ya chini isiyo na ngumi. Juma moja Afande alitaka kumchagua msichana mmoja wa kwenda kushindana Kansanga, na Amito aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Sharti lilikuwa kupita hafugadi. Hapo wewe uko juu ya mwenzako, lakini amekubana mguu mmoja katikati ya miguu yake. Lazima uuchomoe, ufike ubavuni pake.

"Mimi napita kila siku," Amito alijigamba.

Ni kweli, alipita kila alipocheza na rafiki yake Aoko.

"Leo utacheza na Nerima," Afande akasema, akimwonyesha msichana mwingine.

Nerima alibana. Amito akavuta mguu. Akavuta tena, jasho likimtiririka, suruali ikaanza kuteremka.

"Wewe, unang'oa muhogo?" Nerima alimtania. Wote wakacheka.

"Basi, inatosha," alisema Afande. "Nitakujaribu tena Alhamisi."

Nje, Amito alimgeukia Aoko kwa hasira. "Mbona kwako natoka?"

"Si uliniomba nilegeze Afande akitutazama? Siku niliyokubana kweli, ulininunia mpaka nyumbani!"

Amito alimkasirikia Aoko, akamkasirikia Nerima, akaukasirikia hata mguu wake mwenyewe. Alipiga teke jiwe, kidole kikamuuma. Mwishowe akarudi ndani. Afande alikuwa amepiga magoti, anafuta mikeka kwa kitambaa na maji ya dawa.

"Afande, nilikudanganya. Aoko alikuwa ananiachia."

Afande alikamua kitambaa taratibu. "Mwite." Aoko alipoingia, Afande akasema, "Aoko, mbane kama umekamata mwizi. Amito, acha kuvuta. Unahangaika na mguu, na mwenzako bado anageuka atakavyo. Weka bega shavuni pake, mgeuze uso asikutazame. Pitisha mkono chini ya kwapa lake, mlaze chali. Ndipo utelezeshe goti."

Amito alijaribu, akanaswa. Akajaribu tena, Aoko akamgeuza. Amito akapiga mkeka kwa kiganja. "Siwezi! Siwezi kabisa!"

"Akulegezee kidogo?" Afande aliuliza.

Amito alifuta machozi kwa mkono wa shati. "Hapana. Aoko, usilegeze."

Wakarudia mpaka shavu la Aoko likaanza kuuma. Kesho yake wakarudia nyumbani kwa kina Aoko, juu ya blanketi, na Amito alinaswa mara nyingi kuliko alizotoka.

Alhamisi, Nerima alibana kama kawaida. Amito hakuvuta. Bega, kwapa, goti. Polepole, akihema, mguu ukatoka, akatua ubavuni.

"Bega lako zito, wewe!" Nerima alilalamika, akisugua taya.

"Kansanga utakwenda wewe," Afande alimwambia Amito. "Ila usisahau. Aoko alipokuachia ulifurahi, lakini hukujifunza kitu. Alipokubana ulilia, na hapo ndipo ulipojifunza. Usimwombe tena mtu akudanganye kwamba unaweza. Sasa mshukuru Aoko."